Mgongo wa Fremu: Kutoka Arua hadi Koboko

Kioo kinachofika Arua kimesafiri kuliko abiria wengi. Kingi hushushwa bandarini Mombasa, kikavuka mpaka wa Malaba au Busia, kikalala kwenye maghala ya Kampala, ndipo kikapakiwa kwenye lori la kaskazini: Luweero, Nakasongola, daraja la Karuma ambako nyani hungoja ndizi kando ya barabara, kisha magharibi kwa kupakana na mbuga ya Murchison Falls hadi Pakwach, juu ya Mto Nile, na kupanda tena kupitia Nebbi. Ni karibu kilomita 500 kutoka Kampala. Njia nzima kioo husimama wima, kimeegemezwa kwenye mbao zilizounganishwa kama herufi A. Kikilazwa, uzito wake wote hukaa katikati na tuta moja linatosha kukipasua. Kikisimama, uzito hukaa ukingoni, ambako kina nguvu. Huenda baadaye kioo cha Arua kikatoka jirani zaidi: mwaka 2023 kilizinduliwa kiwanda cha Sapphire huko Mkuranga, mkoa wa Pwani nchini Tanzania, chenye uwezo wa kutengeneza tani 700 za kioo bapa kwa siku.

Nilipita njia hiyohiyo kwa basi la usiku kutoka Arua Park, stendi ya katikati ya Kampala ambako mizigo ya West Nile (eneo la Arua na Koboko), Congo na Sudan Kusini hupandishwa juu ya mabasi mpaka mtu ajiulize kama paa litastahimili. Sababu ya safari ilikuwa ndogo. Katika nyumba nyingi nilizoingia Kampala nilikuta fremu zilizopendeza kwa mbele na kuoza kwa nyuma: kadibodi iliyogongomelewa ovyo, gazeti la zamani, picha iliyogandamana na kioo. Rafiki mmoja Mlugbara, alipochoka na malalamiko yangu, akaniambia niende kwao nikawaone mafundi wanaoianza fremu kwa mgongo wake.

Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji Julai 2020, ila bado ina mwendo wa mji wa mpakani. Forodha ya Vurra, mlango wa kuingilia Congo, haiko mbali, na soko la Ariwara ng'ambo ya pili huwavuta wafanyabiashara wa pande zote. Vijana waliouza petroli ya magendo kwenye madumu kando ya barabara walijulikana kama OPEC Boys, na umaarufu wao ulifika hadi kwenye majarida ya vyuo vikuu vya Ulaya. Sokoni utasikia Kilugbara, Kinubi, Lingala, Kiarabu cha Juba na Kiswahili katika mabishano ya bei moja. Kiswahili kilifika huku kwa jeshi na kwa biashara, na jirani Mkongo hukiongezea chumvi yake.

Sebule za hapa hazina ukuta mtupu. Utakuta picha za mahafali, hasa tangu Chuo Kikuu cha Muni kilipofunguliwa mwaka 2013, picha za harusi, Moyo Mtakatifu wa Yesu kwa Mkatoliki, Ayatul Kursiyyu kwa Muislamu, na kalenda ya mbunge ambayo mwaka wake umekwisha lakini hakuna anayethubutu kuishusha. Ofisini kuna Rais. Hayo ndiyo yanayowalisha mafundi wa fremu. Ni kazi za haraka: mteja anakuja asubuhi, anataka kuondoka na mzigo wake jioni.

Picha zinazowapa kazi ya kufikiri ni za zamani, na hizo si nyingi. Utawala wa Idi Amin ulipoanguka mwaka 1979, wakazi wa West Nile, kwao Amin, walilipizwa kisasi, na watu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Wengi hawakurudi hadi katikati ya miaka ya 1980. Pale Ombaci, kilomita chache kaskazini mwa mji, wanajeshi wa serikali waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki tarehe 24 Juni 1981. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani habebi fremu yenye kioo. Kwa hiyo picha ya kabla ya 1979 katika nyumba ya Arua mara nyingi ilinusurika kwa bahati: ilikuwa ndani ya Biblia, au chini ya sanduku la bati, au kwa shangazi aliyekuwa akiishi Jinja. Picha za serikali zilibahatika zaidi. Mwaka 2015 katika shirika la utangazaji la taifa, UBC, liligunduliwa kabati lenye hasi zipatazo 70,000 za wapiga picha rasmi wa enzi za Amin, na mwaka 2019 sehemu yake ikaonyeshwa kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, Kampala. Familia za West Nile hazikuwa na kabati la namna hiyo.

Karakana niliyoelekezwa ilikuwa banda la mabati chini ya mwembe, nyuma ya safu ya studio za picha. Mwenyewe alikuwa mzee wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, na vijana wawili waliomwita Baba ingawa mmoja tu ndiye mwanawe. Nilimsalimu kwa Kilugbara changu cha kuokoteza, "Mi ngoni?", naye akanijibu, akacheka, akahamia Kiswahili ili kuninusuru.

Alikuwa na vipande viwili vya mvule kutoka Congo mkononi, anavigonganisha na kusikiliza.

"Mzee, unatafuta nini?"

"Maji," alisema. "Hiki kimekauka. Hiki bado. Nikikikata leo, Januari kitaniumbua kwa mwenye picha."

Sikuielewa Januari hiyo mpaka aliposhusha fremu kuukuu kutoka ukutani. West Nile ina msimu mrefu wa mvua, kuanzia karibu Aprili hadi Novemba, kisha kiangazi kikali hadi Machi. Mbao hufura na kusinyaa kwa upana wake, si kwa urefu. Ufito wa fremu uliokatwa nyuzi 45 ukasinyaa kwa upana, pembe yake hupungua, na kona hufunguka upande wa ndani, karibu na picha. Ukifura, kona hufunguka upande wa nje. Mzee aliishika ile fremu kuukuu, akanionyesha mwanya wa ndani unaopitisha ukucha, akasema aliyeitengeneza aliitengeneza wakati wa mvua kwa mbao mbichi. Hakumjua fundi huyo. Alikuwa anasoma kona tu, na baada ya hapo nami nikashindwa kuingia nyumba ya mtu bila kuchungulia kona za fremu zake.

Dawa yake ni subira. Mbao zinazoingia karakana hii hupasuliwa kuwa fito nene kidogo kuliko inavyohitajika, hupangwa kwa kuachanishwa na vijiti ili hewa ipite, hukaa kivulini wiki kadhaa, ndipo hupigwa randa kufikia kipimo. Mvule na mahogani hupendwa na wenye fedha. Musizi ni mwepesi, rahisi kukata, ila hauna ushujaa mbele ya mchwa. Paini ya mashamba ya serikali hutumika kwa fremu za rangi, kwa kuwa vifundo vyake havionekani chini ya rangi.

Kila ufito huchongwa mfereji kwa ndani, ile ngazi ndogo ambamo kioo, picha na ubao wa nyuma hukaa. Mafundi wengi huchonga mfereji wa kina cha milimita sita, kioo na ubao vikajaa, basi. Mzee huchonga milimita kumi na mbili au zaidi. Alinieleza kwa kupanga vitu mezani: kioo milimita mbili, kadi milimita moja na nusu, picha, kadi nyingine ya kuilalia, hadibodi milimita tatu, na nafasi ya msumari kulala. Ukijumlisha, milimita sita haitoshi, na pale isipotosha fundi hutoa kitu, na kitu anachotoa kila mara ni kadi inayoitenga picha na kioo.

Hapo ndipo picha nyingi za Afrika Mashariki huharibikia. Uso wa picha ya studio una tabaka la jelatini, ambayo ikipata unyevu hulainika, ikagusa kioo na kunata. Ukija kuivuta baada ya miaka, uso wa marehemu unabaki kwenye kioo. Ukiweka kadi iliyokatwa dirisha katikati, picha hukaa nyuma ya kioo pasipo kukigusa. Asiye na kadi anaweza kubandika vijiti vyembamba vya mbao kandokando ndani ya mfereji, vikafichwa na ukingo wa fremu. Gharama yake karibu ni bure.

Kuhusu kipimo cha mbao, Mzee ana hesabu isiyohitaji karatasi: zunguka picha, kisha ongeza upana wa ufito mara nane. Picha ya sentimita 50 kwa 70 ina mzunguko wa sentimita 240. Ufito wa upana wa sentimita nne mara nane ni 32. Jumla 272, pamoja na kidogo cha kuliwa na msumeno. Mara nane kwa sababu kila kona hula upana wa ufito mara mbili, na kona ni nne. Ndani ya fremu huacha milimita mbili za ziada kila upande, maana karatasi nayo hufura.

Kijana wake mdogo ndiye aliyekata. Boksi la kukatia pembe lilikuwa la mbao ngumu, limechongwa na Mzee mwenyewe, na mipasuo yake miwili ya nyuzi 45 ilikuwa imeanza kupanuka kwa kuliwa na msumeno. Nikauliza kama nusu nyuzi ina neno. Kijana akaniangalia kwa huruma. Fremu ina mikato minane, akasema, kila mkato ukipotea nusu nyuzi, ukifika kona ya mwisho umepoteza nyuzi nne, na hapo hakuna gundi itakayokuokoa. Kwa hiyo baada ya msumeno hupitisha kila ncha kwenye ubao wenye msasa uliokazwa pembeni mwa kipande cha nyuzi 45, misuguo miwili, mitatu, akipima kwa skwea. Kisha huweka fito zinazoelekeana mgongo kwa mgongo na kuzigusa kwa kidole: zikipishana hata kwa unene wa unyoya, ile ndefu hurudi kwenye msasa. Alisisitiza hili kuliko pembe zenyewe. Fito zisizolingana urefu hazitakupa mstatili hata pembe zikiwa kamili.

Kwenye maduka ya Ulaya kazi hii hufanywa kwa mkasi mkubwa wa kukanyaga kwa mguu, kama ile mashine ya Morsø kutoka Denmark yenye visu viwili vinavyokata pembe zote mbili kwa pigo moja, na mashine nyingine hupenyeza vipini vya chuma vya umbo la V kwenye kona kutokea nyuma. Sikuviona Arua. Kwa miaka mingi West Nile haikuwa kwenye gridi ya taifa, ilitegemea jenereta na bwawa dogo la Nyagak la megawati 3.5, na fundi aliyejifunza kazi wakati umeme ulipokuwa wa saa chache kwa siku hakujenga maisha yake juu ya mashine.

Kona huunganishwa kwa gundi nyeupe ya mbao, lakini si kwa kupaka mara moja. Ncha iliyokatwa huonyesha mirija ya mbao, nayo hufyonza gundi na kuacha kona kavu. Mzee hupaka ya kwanza nyembamba, huiacha inywewe, kisha ya pili. Halafu huja kifaa nilichokipenda kuliko vyote: ukanda mrefu uliokatwa kwenye tyubu ya pikipiki. Vipande vinne vya mbao vyenye pembe mraba huwekwa kwenye kona, ukanda huzungushwa fremu nzima mara tatu, nne, ukivutwa kwa nguvu, na kona zote nne hubanwa kwa pamoja. Niliinama kutazama. Gundi ilichuruzika kwenye kona zote kwa wakati mmoja, uzi mweupe mwembamba, hakuna kona iliyotoa zaidi ya nyingine. Kijana akaifuta kwa kitambaa chenye maji kabla haijashika, kwa kuwa gundi iliyokaukia juu ya mbao hukataa vanishi na kuacha doa la milele. Kisha akavuta kamba kutoka kona hadi kona ya mkabala, akaibana kwa kidole mahali ilipoishia, akaipeleka kwenye mshazari wa pili. Zililingana. Zisipolingana fremu imeegea, na husukumwa kidogo kwenye kona iliyo mbali kabla gundi haijakauka.

Siku iliyofuata kona hizo ziliongezewa nguvu. Badala ya kugongomea msumari pembeni ukapasua mbao, walikata kichwa cha msumari mdogo kwa koleo, wakaukaza kwenye keekee na kuutumia kama kitoboleo, wakapata tundu la kipimo kilekile cha msumari wenyewe. Kwa fremu nzito hufanya zaidi: hupitisha msumeno kwenye kona ya nje, hupaka gundi, huchomeka ulimi mwembamba wa mbao, wakikata ziada ikikauka. Kona ya namna hiyo inaweza kufunguka kidogo, lakini haiachii.

Kukata kioo hakukuchukua hata dakika. Kikata kioo cha gurudumu dogo kilichovywa kwenye mafuta ya taa, kikavutwa mara moja kwa kufuata rula, kwa sauti ya kukwaruza isiyokatika. Mara moja tu. Anayerudia mstari huharibu gurudumu na kukifanya kioo kipasuke kinapotaka. Mstari ukawekwa juu ya ukingo wa meza, mkono ukabonyeza, kioo kikaachana. Mzee hutumia kioo cha milimita mbili, akinieleza kwa uzito: kila milimita ya unene wa kioo ina kilo mbili na nusu kwa mita ya mraba, kwa hiyo kipande cha 50 kwa 70 cha milimita mbili kina kilo moja na robo tatu, na cha milimita tatu kinazidi kilo mbili na nusu. Wateja hutaka kinene wakidhani ndicho imara. Kioo kinene huimaliza kona na kung'oa ndoano.

Sasa mgongo wenyewe. Picha iliyokuwa ikitengenezewa fremu ilikuwa ya mzee aliyevaa sare ya King's African Rifles (KAR), ya rangi nyeusi na nyeupe, ukubwa wa kiganja, na nakala yake kubwa iliyochapishwa mjini. Bintiye, mama mmoja wa Koboko, alikuwa ameagiza ile kubwa iwekwe kwenye fremu na ile ya asili irudishwe kwake bila kuguswa na gundi. Mzee aliisifia busara hiyo. Nakala ikae kwenye mwanga, alisema, asili ikae gizani.

Hakuibandika nakala kote. Alikata vipande viwili vya karatasi nyepesi, akavipaka uji mzito wa wanga wa muhogo, akaishikiza picha kwa ukingo wa juu pekee kwenye kadi ya nyuma, ili karatasi ining'inie na iweze kufura na kusinyaa bila kujikunja. Wahifadhi wa majumba ya makumbusho hutumia wanga wa ngano kwa kazi hiyohiyo, maana hutoka kwa maji siku ukiuhitaji kutoka. Selotepu haitoki: gundi yake huingia kwenye karatasi na kuifanya iwe kahawia. Kadibodi ya maboksi nayo ina asidi, na baada ya miaka huchora ukingo wa njano kuizunguka picha. Mzee huwa na kadi nyeupe kutoka kwa wachapishaji wa Kampala. Zikimwishia hukubali kadibodi, ila huweka karatasi safi mbili katikati, na humwambia mteja.

Juu ya hadibodi alipigilia visumari vilivyolazwa, kisha akaziba mwanya wote wa nyuma kwa ukanda wa karatasi ya kaki. Kazi ya ukanda huo ni vumbi na wadudu. Vumbi jekundu la Arua hupita kwenye upenyo usioonekana, na kombamwiko hupenda wanga wa muhogo kama tunavyoupenda sisi. Mwisho, kwenye kona mbili za chini, akabandika vipande vya sapatu kuukuu vya unene wa sentimita moja. Nikidhani ni pambo, nikauliza. Vinaiweka fremu mbali na ukuta, akajibu, hewa ipite, maji ya ukuta yasipande, na mchwa akijenga handaki lake aonekane mapema.

Ilinibidi niibebe mimi. Nilikuwa nakwenda Koboko na Mzee hakutaka kuipa taksi bila mtu. Alibandika tepu ya karatasi juu ya kioo kwa umbo la X na msalaba juu yake, ili kioo kikipasuka vipande visiikwaruze picha, akafunika kona kwa kadibodi iliyokunjwa, akaizungushia blanketi. "Wima," aliniambia mara mbili, kana kwamba nisingekumbuka.

Barabara kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92 kwa jumla, ni ya lami, na kipande cha Arua hadi Koboko, kama kilomita 55, huliwa kwa saa moja na ushee. Inapita Ombaci, inapita wilaya ya Maracha, mihogo na tumbaku pande zote, malori ya Juba yakija mbele kwa kasi isiyo ya kawaida. Abiria waliiheshimu fremu baada ya kusikia ndani kuna nani. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami alisema baba yake naye alikuwa askari wa KAR, na hana hata picha moja.

Koboko ni wilaya tangu 2005, mji wa Wakakwa, kabila la baba yake Amin, ambao ndugu zao wako Congo na Sudan Kusini. Mipaka mitatu inakutana karibu nayo, na biashara ya mbao hupita hapa. Upande wa Yei kuna mashamba ya msaji yaliyopandwa wakati wa ukoloni wa Waingereza, na msaji huo huvuka Oraba kwa malori. Fundi wa fremu wa Koboko hanunui gogo. Hununua masalia ya waseremala wa milango. Msaji hausogei sana na misimu, na mchwa huupita. Tatizo lake ni mafuta: gundi haishiki. Fundi niliyemtembelea karibu na soko, kijana wa Kinubi aliyejifunza kazi kwa mjomba wake, hufuta kila ncha kwa kitambaa chenye tina, na huipaka gundi papo hapo kabla mafuta hayajapanda tena juu.

Nusu ya banda lake ilikuwa fito za plastiki kutoka China, za dhahabu na fedha, zenye maua ya kubandikwa. Nilitarajia azidharau, hakuzidharau. Haziliwi na mchwa, ni nyepesi, hazihitaji vanishi, na mwanafunzi anaweza kuzilipia. Kasoro yake ni joto: fremu ndefu ya plastiki chini ya bati la Februari hupinda katikati kwa uzito wa kioo, kwa hiyo hazitumii kupita upande wa sentimita 60. Mimi bado ningechagua msaji, lakini mimi si mwanafunzi.

Adui wa kweli wa kijana huyu ni laminesheni. Tangu vita vya Sudan Kusini vya Desemba 2013, na zaidi baada ya Julai 2016, wakimbizi walimiminika West Nile. Bidi Bidi ilifunguliwa Yumbe mwaka huohuo wa 2016, na hapa Koboko kambi ya Lobule ina Wakongo. Watu wa kambini hupeleka kila karatasi kwenye plastiki: cheti cha kuzaliwa, kadi ya shule, picha ya mama. Kwa cheti inaeleweka. Kwa picha, joto la mashine huigandisha na plastiki bila njia ya kurudi, na kingo zikianza kuachana unyevu huingia na hautoki. Kijana alinionyesha moja iliyokuwa na ukungu wa kijani ndani, juu ya sura za watoto watatu. Hangeweza kuifungua. Aliipiga picha kwa simu mchana, kivulini, bila mwako, akaipeleka kuchapishwa, na hiyo nakala ndiyo iliyopata fremu.

Nyumba ya mama yule aliyeagiza fremu ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mwendo wa boda boda dakika chache. Alitaka picha ya baba yake iwe ukuta wa mbele, mkabala na mlango. Kijana, aliyekuja nami na keekee yake, akamwomba kwa adabu amsikilize. "Mama, pale jua la saa kumi linaingia moja kwa moja. Baba atapauka." Ukuta wa nje nao hulowa wakati wa mvua. Wakakubaliana ukuta wa kati, unaotenganisha sebule na chumba, ambao ni mkavu mwaka mzima. Akatoboa matundu mawili badala ya moja, yakiwa sambamba, akachomeka plagi na skrubu. Fremu inayoning'inia kwenye skrubu moja husogea kila mlango unapopigwa, na hatimaye hukaa upande. Pete za nyuma Mzee wa Arua alikuwa amezifunga theluthi moja kutoka juu, waya umelegezwa kidogo. Kijana aliugeuza mgongo, akapitisha kidole juu ya ukanda wa kaki, kwenye sapatu, kwenye kona, bila kusema neno, kisha akauliza ni nani aliyeifanya.

Mama alipoiona imekaa, akaingia chumbani na kurudi na bahasha: picha nyingine kumi na kitu, za harusi, za ubatizo, moja ya kundi la askari iliyokunjwa katikati. Akauliza kama zote zinaweza kupigwa laminesheni kwanza zisiharibike wakati zikingoja fedha za fremu. Kijana akazichukua moja moja, akaziweka kati ya kurasa za daftari kubwa, karatasi safi baina ya kila mbili, akalifunga na kumrudishia. Ile iliyokunjwa akamwambia asijaribu kuinyoosha kwa pasi. Alete daftari zima Jumatatu, wataanza na hiyo, na akitokea njia ya sokoni asisimame kwenye duka lenye mashine ya plastiki, hata wakimpunguzia bei.